Kisogo cha Sikudhani

Haya si ya zamani za kale. Ni ya mwaka juzi, ule mwaka sukari ilipoadimika tukanywa chai kwa tende. Na aliyenisimulia ni Mashavu binti Kombo mwenyewe, msusi wa Mikindani, huku kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake. Mtu ambaye kichwa chake kimo mikononi mwa msusi habishi. Nilisikiliza tu, nikasema "ehee" palipostahili, na nyinyi nawaomba mnisikilize hivyohivyo, maana naona kuna watu humu wameshaanza kubenua midomo na bado sijafika popote.

Mashavu ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mwanya mpana katika meno ya mbele na ulimi usiopumzika. Amesuka vichwa vya mtaa mzima kwa miaka thelathini. Yeye hamjui mtu kwa sura. Ukikutana naye sokoni uso kwa uso anakutazama kama anavyotazama nguzo ya umeme, ukishampita ndipo anapokuita: "We! Salamu siku hizi zinauzwa?" Kazi yake yote ameifanya akiwa nyuma ya watu, kwa hiyo anawajua kwa visogo. Kisogo, anasema, hakijui kujifanya.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sikudhani. Baba mtu alikwenda bara kuuza chumvi akasahau njia ya kurudi. Binti huyo tangu mdogo hakutaka kujifunza ususi, alitaka spana. Mashine yoyote ya kuvuta maji, akikaa nayo nusu saa, inavuta. Kwetu hakupata kazi ya maana, na aliposikia kwamba katika nchi ya Usoni pampu za mji mzima zimekufa na mafundi wanatafutwa, alifunga virago akaenda. Miaka mitatu aliandika barua za furaha. Kisha ikaja moja fupi.

"Mama, shikamoo. Njoo Usoni upesi. Nimebadilishwa uso kwa mujibu wa sheria, ili nipewe leseni ya kazi yangu. Sasa unatakiwa wewe kwenye mtihani. Watanipanga na wenzangu, watakuuliza mwanao ni yupi. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usinijue. Ukinijua nimekwisha. Mimi mwanao, Sikudhani."

Mashavu aliisoma mara tatu. Akampa jirani yake, Bi Somoe, amsomee mara ya nne, labda kwa macho ya mwingine ingesema jambo jingine. Haikusema. Akafunga vitana vyake katika kanga, akaondoka. Njia aliyopita hakunieleza, nami sikuuliza, kwa sababu hapo alikuwa ameshika nywele za utosini.

Pale mpakani mwa Usoni hapakuwa na dirisha la kupokelea hati. Palikuwa na kioo kirefu, na kando yake mwanamke mwenye rula. Kibao kilichoning'inia kifuani mwake kilisema anaitwa Bi Ndita, na jina lilimkaa vibaya, kwani paji lake la uso lilikuwa limenyooka kabisa, halina ndita hata moja.

"Karibu, mama," alisema Bi Ndita, na hakuna kitu kilichotikisika usoni mwake isipokuwa mdomo. "Tuzitazame siku zako za usoni."

"Siku zangu za usoni utazionea wapi, mwanangu? Mimi hata kesho siijui."

"Si ziko usoni?" alisema Bi Ndita kwa mshangao wa kweli, akamwekea rula juu ya nyusi.

Hapo ndipo Mashavu alipoanza kuelewa amefika nchi ya watu wa namna gani. Mwasisi wa nchi hiyo, alipokuwa akikata roho, aliwaachia watu wake wosia wa mambo matatu: wazitunze siku zao za usoni, kila mtu apewe kazi kwa kipaji chake, na asiyekuwa na mwanya atafutiwe. Akafumba macho. Kwetu sisi maneno hayo tungeyapigia makofi na kuyasahau kabla pilau ya msiba haijaiva. Wale waliyashika kama yalivyo. Walikaa baraza siku saba wakiulizana siku za usoni ziko wapi, mpaka mmoja wao akaleta kioo. Wakasema, ziko usoni, zingekuwa mgongoni si zingeitwa za mgongoni? Kipaji nacho kipo juu ya nyusi, kila mtu anakiona, na kinapimika kwa rula. Na mwanya ni mwanya, uko katikati ya meno mawili ya mbele.

Ikafunguliwa shule ya kusoma nyuso. Baada ya shule, watu wengi walipogundua kwamba nyuso zao zimeandikwa mabaya, ikafunguliwa hospitali ya kuziandika upya.

"Vidole viwili na robo," alisema Bi Ndita, akiandika. "Pole, mama. Huna kipaji."

Mashavu akaangua kicheko. Alipocheka mwanya ukaonekana, na Bi Ndita akaangusha rula. Askari wawili waliokuwa wameegemea ukuta wakasimama wima.

"Nani alikukata huo?"

"Kunikata nini?"

"Mwanya."

"Nimezaliwa nao. Mama yangu alikuwa nao, na tulikuwa na mbuzi mmoja naye alikuwa nao."

Habari ilikimbia kuliko yeye. Huko Usoni mwanya hutobolewa kwa msumeno mdogo, na bila mwanya huwezi kupewa duka, mume, wala nafasi ya kusema kwenye mkutano. Mtu aliyezaliwa nao hakuwa ameonekana kwa vizazi viwili. Kabla jua halijafika kichwani, Mashavu alikuwa amealikwa kwenye Baraza la Vipaji, awe mgeni wa heshima, na Bi Ndita ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza.

Barabarani alidhani macho yanamcheza. Kila aliyepita alikuwa na paji la vidole vinne, vishimo viwili mashavuni, mwanya uliotobolewa sawasawa, na macho yaliyovutwa kidogo kwenda nje kwa ajili ya bahati ya safari. Mwanamke alimshika mkono mwanamume akatembea naye hatua ishirini, kisha akasoma kibao chake, akaomba radhi, akamwachia na kumshika wa jirani. Hakuna aliyeona ajabu. Sheria inataka kibao cha jina kivaliwe hata kitandani.

Walipopita sokoni, mtu alinyakua kapu la dagaa la mchuuzi mbele ya macho ya watu wote. Askari waliwakamata wote wawili, mwizi na mwenye dagaa, wakawaweka kwenye mwanga wakawasoma. Mwizi alikuwa ametoka hospitali mwezi uliopita, ana kidevu cha mtu mwaminifu na cheti chake. Mchuuzi alikuwa na kidevu cha mtu wa kupoteza vitu. Mchuuzi akapewa siku tatu ndani kwa kosa la kujiibisha.

"Jamani, kapu si hilo hapo amelishika!" Mashavu alipaza sauti.

"Mama," askari alimjibu kwa adabu, "kapu liko mkononi. Sisi tunasoma uso."

Barazani walikuwa wamekaa wazee thelathini, na juu yao vigogo wawili wasiopikika chungu kimoja. Wa kwanza ni Mheshimiwa Bashasha, Msoma Nyuso Mkuu, mwenye ndevu zilizochanwa mara mbili. Wa pili ni Daktari Tindo, mkuu wa hospitali, ambaye vidole vyake havikutulia, kila anayeongea naye alikuwa akimpima kwa mbali. Na ajenda ya siku hiyo ilikuwa maji ya Sikudhani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana mgeni, mwenye paji la vidole viwili, alikuwa ameifufua pampu kubwa ya mji kwa siku moja, na ameilea miaka mitatu bila kusimama. Sasa imegundulika kwamba hana kipaji, maana alipoingia kiu iliwazidi, hawakumpima. Je, maji yale ni maji gani?

"Ni maji yasiyo na mwenyewe," alisema Mheshimiwa Bashasha. "Hayakutoka kwa kipaji, kwa kuwa kipaji hakuna, tumepima. Basi yametoka kwa bahati mbaya. Napendekeza wananchi wayanywe lakini wasiyashukuru."

Mzee mmoja aliuliza kama kufulia nguo kunahesabika kuwa ni kushukuru. Wakabishana hilo mpaka chai ikaletwa.

"Mimi naona mnazunguka," alisema Daktari Tindo. "Binti tumeshamkata. Paji lake sasa ni vidole vinne na nusu. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni lilelile ninalolisema kila mwaka. Umebadilisha uso. Umebadilisha bahati?"

"Bahati iko wapi, Mheshimiwa?"

"Usoni."

"Na uso nimeufanya nini?"

Bashasha alikohoa. Ugomvi huo una umri wa miaka sitini, na waliumaliza zamani kwa mapatano: Bashasha anaandika uso unaotakiwa, Tindo anaukata kama ulivyoandikwa, kisha Bashasha anausoma na kukuta mle yaleyale aliyoyaandika, na kila mara anashangaa jinsi uso usivyosema uongo. Kilichobaki kugombaniwa ni kitu kimoja tu. Utajuaje kwamba bahati ya zamani imetoka kweli, haijajificha chini ya ngozi mpya? Ndipo walipobuni mtihani. Mama aliyemzaa mgonjwa anaitwa. Akishindwa kumjua mwanawe, uso wa zamani umekufa na bahati yake imekufa nao. Akimjua, upasuaji haukushika, anarudishwa kwenye kisu.

Mgeni wa heshima akapewa nafasi ya kusema. Mashavu akasimama. Walipoona mwanya, wazee wote thelathini wakasimama pia.

"Mimi nina swali moja," alisema. "Maji yanatoka au hayatoki?"

Baraza lilinung'unika. Mheshimiwa Bashasha akamwinamia kwa upole, kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage mkeka wa swala kwa viatu. "Mama, hilo ni swali la kisogoni. Huku hatuyasemi mambo ya kisogoni mbele za watu."

Mimi nilicheka hapo mpaka machozi yakanitoka, na Mashavu akanifinya sikio. "Unacheka nini? Si wewe uliyekwenda kusafishwa nyota kabla ya kuomba kazi bandarini? Na huo mkorogo unaojipaka, unafikiri mimi huku nyuma sioni? Shingo yako na uso wako ni watu wawili, hawajawahi hata kusalimiana." Nilisema tangu mwanzo kwamba msusi habishiwi.

Mtihani ulipangwa kesho yake asubuhi. Bi Ndita alimpeleka kwenye nyumba ya wageni, na alipokuwa akimtandikia kitanda, Mashavu alimwuliza kwa nini yeye hawezi hata kukunja uso.

"Nimekatwa mara tatu," alisema Bi Ndita. "Mara ya kwanza mama yangu alinijua. Alilia akanikumbatia mbele ya Baraza, wakanirudisha. Mara ya pili alijitahidi sana asinijue, maskini, akaangalia dari, lakini nilipiga chafya akaniambia 'afya'. Wakanirudisha tena."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu alikuwa ameshafariki. Wakaniandikia nimefaulu." Bi Ndita alilainisha shuka. Kama alilia, usoni hapakuwa na njia ya kujua. "Nasinzia macho wazi, mama. Ngozi haitoshi kufumba. Kwa hiyo kesho, tafadhali, kaza moyo."

Mashavu alikaza moyo. Njia nzima ya kuja alikuwa akijizoeza uongo: simjui, simjui, huku akilizoeza jicho lisikae mahali pamoja. Alijua atamtambua mwanawe mara moja. Mtoto umemzaa, umemlea, uso wake umeuosha kwa kiganja chako. Alichoogopa ni kwamba akimwona atashindwa kujizuia.

Wasichana kumi walikuwa wamekalishwa kwenye vigoda, mstari mmoja, katika ukumbi mpana wenye madirisha mashariki. Wameagizwa wasitabasamu, wasiseme, wasikohoe. Vibao vya majina wamevuliwa. Mheshimiwa Bashasha na Daktari Tindo walikaa mbele na daftari lao, na nyuma yao wazee thelathini.

Mashavu akaanza kupita. Alimtazama wa kwanza, akawatazama wa pili na wa tatu. Paji moja, vishimo vilevile, macho yamevutwa vilevile kwenda nje. Akafika wa kumi. Akasimama. Akarudi mwanzo akapita tena, kwa sababu hakumjua. Hakuwa anajifanya. Aliwatazama machoni mmoja mmoja, akatafuta kitu chochote, pua ya yule muuza chumvi, mdomo wa bibi mzaa mama, na hakuona mtu. Alipita mara ya tatu bila kuambiwa. Uongo wote aliokuja nao, alioubeba kwa uangalifu kama mayai, haukuwa na kazi.

"Mwanao ni yupi, mama?" aliuliza Daktari Tindo.

"Simjui."

"Hata mmoja?"

"Simjui, baba. Wallahi simjui." Na hapo alilia kweli, kwa sauti, kanga mdomoni.

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Daktari Tindo alisimama akainama kulia na kushoto. Mheshimiwa Bashasha aliandika kwamba hajawahi kuona kutotambuliwa kwa kiwango kile, na akamwombea mama huyo nishani.

Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma ya vigoda, mlango mbovu usiopakwa rangi, kwani katika nchi ile hakuna anayejisumbua na nyuma ya kitu chochote. Bi Ndita alimwelekeza kwa mkono. Mashavu alizunguka mstari, macho yamejaa maji, akitafuta njia tu. Akajifuta kwa pindo la kanga. Alipofumbua macho, mbele yake palikuwa na visogo kumi.

Hakuna daktari aliyewahi kuvigusa. Kimoja kilikuwa bapa. Kimoja kilikuwa na kovu la choa la utotoni. Kimoja kilikuwa na shingo fupi yenye mkunjo. Na cha saba kutoka mlangoni kilikuwa na nywele za shingoni zinazozunguka kwenda kushoto kwa ukaidi, na nyuma ya sikio alama ndogo, ukubwa wa punje ya mchele, ambayo Mashavu aliiweka yeye mwenyewe kwa kitana cha moto, siku ya Idi, mtoto akiwa na miaka sita na hatulii. Mwenye kisogo hicho alikuwa amejisuka mwenyewe, vibaya, na ncha ya msuko mmoja ilikuwa imefumuka.

Mkono ulikwenda peke yake. Mashavu ananiapia kwamba hakuutuma. Ulishika ile ncha iliyofumuka, ukaivuta, ukaikaza, ukaisuka mpaka mwisho na kuichomeka ndani, kama ulivyofanya kila Ijumaa kwa miaka kumi na minane.

"Mama," ilisema sauti ndogo sana, "polepole. Unanivuta."

Ndiyo maneno yaleyale ya kila Ijumaa. Mashavu akainama kama mtu aliyeangusha kanga.

"Zikifumuka," alimnong'oneza, "njoo nyumbani nikusuke."

Akatoka nje bila kugeuka.

Kule mbele, wazee waliona chozi likishuka kwenye shavu la msichana mmoja. Mheshimiwa Bashasha aliruka kutoka kitini. Chozi la kwanza juu ya uso mpya, na shavu la kulia! Alisoma hapohapo kwamba vuli itakuwa nzuri na mahindi yatashiba. Makofi yakapigwa tena. Hakuna aliyefikiria kuzunguka nyuma atazame chozi limeanzia wapi.

Nywele za Sikudhani zikisukwa vizuri zinakaa wiki tatu. Mashavu alirudi Mikindani akaendelea na kazi, na wiki ya tatu ilipopita alianza kukaa karibu na mlango. Wiki ya nne ikapita. Ya tano, Bi Somoe akamwambia mtoto aliyepewa leseni na uso wa kifahari hatakumbuka mkeka. Mashavu alimjibu neno ambalo sitalitia hapa.

Ijumaa ya wiki ya sita, asubuhi, alitoka ndani na kikombe cha mafuta ya nazi, akakuta mwanamke amekaa kwenye mkeka pale barazani. Amempa mgongo. Kanga ameishusha mabegani, nywele zimefumuka zote, zimesimama. Hakugeuka wala hakubisha hodi.

Mashavu aliweka mafuta chini. Akakaa nyuma yake, akapanua magoti, akachukua kitana na kuanza kugawa nywele njia mbili.

"Walikupa leseni?" aliuliza.

"Walinipa kiti," alisema Sikudhani. "Kina mito. Mheshimiwa Bashasha alinipima upya, akasema kipaji cha vidole vinne na nusu si cha pampu, ni cha ofisi. Mwenye kipaji hicho akishika spana anafungwa. Nilikatwa ili nifanye kazi yangu, mama, na nilipokatwa wakanikataza kuifanya."

"Na pampu?"

"Ilisimama wiki ya pili. Wakaitwa wenye vipaji kumi na wawili, wakaizunguka, wakaitazama. Nilikuwa naisikia kutoka ofisini, ilitaka ngozi mpya ya valvu tu, basi. Halafu ikasemwa pampu haina uso, ndiyo maana haina siku za usoni. Wakaichonga uso. Daktari Tindo akaja mwenyewe akaitoboa mwanya."

"Ee!"

"Maji yakamalizikia hapo kwenye mwanya."

Mashavu alicheka mpaka kitana kikamtoka mkononi, na mwanawe akacheka naye, mabega yakitikisika. Kisha mabega yale yakaendelea kutikisika na kicheko kilikuwa kimekwisha. Mashavu akaokota kitana.

"Mbona hukugeuka ulipofika? Mtu anakuja nyumbani kwao anakaa kama mdai?"

"Niliogopa utaniuliza mimi ni nani. Kule ukumbini uliniangalia mara tatu, mama. Mara tatu. Nilikuomba usinijue, lakini sikujua kuwa inauma vile."

Mashavu alimvuta kichwa kwa nyuma mpaka kikalala kifuani kwake, akakishika hivyo. Kisha akakisukuma mbele tena, kwa nguvu kidogo.

"Kaa sawa. Pampu ya kisima cha mtaa imelala tangu Jumanne, tunanunua maji ndoo ndoo. Spana zako ziko chini ya kitanda, nilizipaka mafuta."

"Mama, polepole. Unanivuta."

"Nyamaza. Kichwa chako kigumu tangu ulipozaliwa."

Bi Somoe alikuwa akipita na ndoo tupu. Akasimama barabarani mbele ya mkeka, akamtazama yule msichana: paji pana, vishimo vya mashavu, macho yamevutwa. Akashusha ndoo.

"Mashavu, leo una mgeni? Huyu wa wapi, mzuri hivi?"

Sikudhani akainamisha uso. Mashavu alikuwa ameshika kitana kwa meno, akakitoa.

"Mgeni gani, Somoe? Hebu zunguka huku nyuma."

Bi Somoe akapanda barazani, akazunguka mkeka, akainama. Akaiona ile punje ya mchele nyuma ya sikio. Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikudhani!" alisema.